Mbuzi wa Amana

Watu wa Kulamawe wakianza kumsifu Qabale huwa wananichefua. Wanasema mama yule ni mwaminifu, hana mfano, halafu wanamaliza chai yangu na kwenda zao wameridhika kama watu waliotoa sadaka. Mimi nimekuwa jirani yake tangu siku aliyoletwa hapa akiwa bibi harusi. Duka langu na boma lake vilitazamana. Sifa zao najua zimejengwa juu ya nini, kwa hiyo nitaisimulia mimi, na atakayenuna anune.

Qabale alizaliwa Sericho, kule ambako mtu akienda hospitali huaga kama anayekwenda Hijja. Aliolewa na Guracha, mchungaji mpole, asiyepiga mnyama wala mtu. Guracha alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mali ya mtu mwingine ikiwa mkononi mwake, halali usingizi. Na mali ya watu ilikuwa nyingi kwake. Mtu akihamia mjini kutafuta kazi, alimwachia mbuzi wake. Hiyo ni desturi yetu. Mwenye kuchunga anakunywa maziwa, mwenye mbuzi anabaki na mbuzi wake na vizazi vyao, na hakuna karatasi inayoandikwa. Guracha alikuwa akisema, "Mbuzi wangu akifa nitalia. Mbuzi wa mtu akifa nitasema nini?" Ndiyo maana kwake wa amana walipewa cha kwanza, iwe ni majani, kivuli au maji. Hakuna aliyemshangaa, kwa sababu sisi sote tumelelewa hivyo, ila yeye alizidisha.

Guracha alipokufa kwa homa, Qabale alibaki na binti mmoja, Sadiya, na kundi la mbuzi. Nusu hivi walikuwa wake. Nusu nyingine walikuwa wa Jattani, rafiki wa marehemu, ambaye alikuwa amepata kazi ya ulinzi mjini na kuhamia mtaa wa Chechelesi na familia yake. Qabale hakuwa na kitu kingine duniani. Kwa wale mbuzi alikula, akavaa, akamsomesha Sadiya sekondari, na alikuwa akiniambia waziwazi, "Habibo, siku mbuzi wakiisha, mimi nitakuwa mwanamke wa kungojea mahindi ya msaada." Alikuwa akisema hivyo huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kisha mvua ilikosa, ikakosa tena, na nyuma yake likaja kohozi.

Anayelijua kohozi la mbuzi hahitaji kuelezwa. Mnyama anasimama amenyoosha shingo, miguu ya mbele ameipanua, kamasi zinamtoka, anaguna kama mzee anayeinuka. Humwoni akila tena. Ukichelewa na kisu anakuwa mzoga, na mzoga si wa kuliwa. Asubuhi ulikuwa unasikia mabomani watu wakisema "Bismillahi" kila upande, wanachinja kabla hawajachelewa. Nyama ikakosa mtu wa kuila. Daktari wa mifugo tulimpigia simu mpaka tukachoka. Ni mmoja kwa nchi yote ile, na pikipiki yake, tuliambiwa, haina mafuta.

Aliyekuja ni Tyson. Kijana wa mjini, miwani ya jua, pikipiki ya nguvu, na nyuma yake sanduku la barafu lenye chupa za dawa ya manjano. Dawa ya mapafu, alisema, sindano moja na rudia baada ya siku chache. Wengine waliapa kwamba imewaponyesha mbuzi wao. Wengine wakasema ni maji yametiwa rangi, kwa sababu mjini dawa za uongo zimejaa, na huyu Tyson hata leseni hana. Walibishana kwenye benchi langu mpaka sukari ikaisha.

Sadiya alikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Alikuwa kidato cha tatu, msichana mwembamba, mwenye maswali. Aliwasikiliza wale wanaume, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, hii dawa haiwezi kushindwa. Mbuzi akipona, wanasema dawa imemponya. Akifa, wanasema alichelewa kuchomwa. Sasa itajulikanaje?"

Nilimwambia aende akamwulize mama yake, maana mama yake ndiye alikuwa motoni. Qabale ilimbidi aamue. Dawa ikiwa ya kweli, auze mbuzi wachache, anunue chupa za kutosha, aliokoe kundi lote. Dawa ikiwa ya uongo, basi awapakie wote kwenye lori waende mnada wa Isiolo wakiwa bado wanasimama kwa miguu yao, auze kwa bei ya kutupa, na ufugaji uishe hapo. Akikosea kuchagua, anapoteza kila kitu. Alikuwa hapiki vizuri siku hizo. Alikuwa anakaa mlangoni mwa zizi, anasikiliza nani amekohoa.

Sadiya akamwambia, mimi nikiwepo, "Mama, tujaribu kwanza. Tuwagawe mafungu mawili. Fungu moja tulichome, lingine tuliache. Kisha tutazame."

"Tuliache life?"

"Tuliache tulinganishe. Mwalimu wa bayolojia alitupandisha maharagwe kwenye mikebe. Udongo ule ule, maji yale yale. Mkebe mmoja ukakaa dirishani, mwingine kabatini. Kinachobadilika kiwe kimoja tu. Vikibadilika viwili, hutajua kipi kimefanya kazi."

Qabale akafikiri. "Na hayo ya kabatini yakawaje?"

"Yalirefuka, yakawa meupe, yakaanguka."

"Yalikuwa yamekosa nini, maskini?"

Tulicheka wote watatu, na nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja. Kisha Qabale akasema mbuzi si maharagwe, lakini afadhali apoteze nusu akijua kuliko apoteze wote akibahatisha. Akakubali. Alimwamini mtoto wake, na mtoto alikuwa na akili, simlaumu mtu kwa hilo.

Sadiya alitaka wagawanywe mlangoni mwa zizi asubuhi. Anayetoka kwanza anachomwa na kupakwa rangi nyekundu pembeni mwa shingo, anayefuata anaachwa, hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kuchagua mnono wala mgonjwa. Alieleza kwamba mtu akichagua, mkono wake unapendelea bila yeye kujua. Chupa zilishanunuliwa, sindano ilishachemshwa. Mbuzi wa kwanza akatoka, jike jeupe lenye kengele. Sadiya akamshika sikio.

Mama yake akamkamata mkono. "Huyo wa Jattani."

"Mama, ni zamu tu."

"Zamu ya nani? Nimchome mbuzi wa mtu dawa nisiyoijua, afe, niende nimwambie nilikuwa najaribu?"

Wakampigia Jattani simu waombe ruhusa. Simu ikasema mteja hapatikani. Wakajaribu mara kadhaa, hapatikani. Jua likapanda, mbuzi wakalia njaa zizini, na kwa kweli hakukuwa na siku za kungoja. Sadiya akasimama pale na sindano mkononi, akasema, "Basi wa Mzee Jattani wawe fungu la kuachwa, na wetu wawe fungu la dawa. Idadi inakaribiana. Mbuzi ni mbuzi." Akanitazama mimi kama anayeomba nikubali. Nilikubali. Sikuona ubaya, na nani angeuona? Wote walikuwa mbuzi wa ardhi moja, wamekula mavumbi ya njia moja.

Wallahi yule mtoto alijitahidi. Aliwapeleka malishoni pamoja, akawalaza zizi moja. Qabale alipotaka kumpa mgonjwa majani ya akasia kwa siri, alimzuia, akasema yeyote akipewa cha ziada kazi imeharibika. Kisimani alishuka mwenyewe kuvuta ndoo, maana hakutaka mtu mwingine aingize mkono wake. Na kisima chetu kiangazi kile kilikuwa taabu tupu. Maji ya mwanzo yalikuwa maji. Yakishavutwa kidogo unakuja uji wa tope wenye chumvi, na ukitaka zaidi inabidi ukae ungoje kisima kitoe jasho tena, na nyuma yako foleni ya watu inakutukana.

Walianza kuanguka wale wenye rangi nyekundu.

Alianza beberu mdogo, akafuata jike lenye sikio lililokatika, ambaye Qabale alimlea kwa chupa ndani ya nyumba. Sadiya akasema tungoje, labda walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Sindano ya pili ikachomwa. Wakaanguka wengine. Wa Jattani walikohoa, ndiyo, mmoja wawili wakakonda, lakini wengi wao walisimama, wakala, wakapiga kengele zao. Kila asubuhi Qabale alikuwa anatoka na kisu, na kila asubuhi aliyelala chini alikuwa na rangi shingoni. Niliwahi kumkuta amekaa katikati ya zizi na kichwa cha mbuzi mapajani, amekwisha kumchinja, na bado anampangusa kamasi.

Wake walipobaki wa kuhesabika kwa vidole, Sadiya alikuja dukani akilia mpaka hawezi kusema. Alipoweza, alisema, "Dawa inaua. Tumewaua kwa mikono yetu." Benchi lilikuwa limejaa. Siku hiyo hiyo habari ilifika kila boma, na kesho yake ikafika vituo vya mbali. Msichana wa shule amepima, amepima kwa elimu, waliochomwa wamekufa na wasiochomwa wako hai. Nani angebisha? Mimi mwenyewe chupa yangu niliimwaga nyuma ya choo. Tyson alipokuja siku ya soko, vijana walimtoa kwa mawe, akaacha miwani yake njiani.

Mbuzi wa mwisho wa Qabale alikufa usiku wa kuamkia Ijumaa. Na Ijumaa hiyo, baada ya swala, akatokea Jattani.

Alikuwa amepata habari za kohozi akiwa Chechelesi, akaja amejiandaa kupokea ngozi tu. "Salaam aleikum," akasema mlangoni, na macho yake yalikuwa tayari zizini. Aliwaona mbuzi wake. Aliwahesabu mara mbili, akatazama upande wa pili wa zizi ambako hakukuwa na kitu, akaelewa, akavua kofia. Mzee mzima machozi yalimtoka.

"Shemeji," akamwambia Qabale, "umeniaibisha kwa wema. Guracha hajafa. Alikuwa hivi hivi. Kiangazi kile kikubwa nilimkuta kisimani, wangu wanakunywa maji meupe, wake wamesimama nyuma wanangoja tope."

Qabale akasema, "Ndivyo inavyotakiwa, shemeji. Wako walikunywa kwanza mpaka siku ya leo."

Nilikuwa nawamiminia chai. Sadiya alikuwa amekaa chini karibu na jiko, na nikamwona amekuwa kama mtu aliyeumwa na nge, anayesubiri maumivu yafike. "Ni mimi," akasema. Hatukumwelewa. "Ni mimi nilikuwa navuta ndoo. Nilikuwa naanza na wa amana. Kila siku naanza na wa amana."

"Sasa ungeanza na nani?" mama yake akamwuliza.

Hapo ndipo Sadiya alipotueleza, polepole, kama vile anamsomea mtu hukumu. Vilibadilika vitu viwili. Mbuzi wao walichomwa dawa, na mbuzi wao hao hao walikunywa mwisho, wagonjwa, wana homa, wakapewa tope baada ya wenzao. Huenda dawa iliwaua. Huenda kiu na tope viliwaua. Huenda dawa ilikuwa nzuri kabisa na bila hiyo wangekufa mapema zaidi. Yeye alizuia majani ya akasia, akazuia mikono ya watu, na jambo lenyewe likapita kati ya vidole vyake kila siku, kwa sababu halikuwa jambo. Lilikuwa adabu tu.

Qabale aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hatujui?"

"Hatujui, Mama."

"Na watu wameacha dawa?"

"Wameacha kwa sababu yangu."

Sadiya alimgeukia Jattani, akamwomba kwa heshima amwachie mbuzi wake siku chache, agawe upya, wote wanywe pamoja, ili ijulikane kabla kohozi halijamaliza nchi. Jattani alimwangalia kwa huruma. "Binti yangu, hawa wamepona bila dawa. Niwajaribie nini?" Siwezi kumlaumu sana. Alikodi lori akawapakia asubuhi yake, na nasikia aliwauza wote mnadani. Kwa Qabale alituma sukari na leso mbili za shukrani.

Wetu wakazidi kufa. Kila boma likachinja, na hakuna aliyethubutu kumchoma mbuzi sindano. Basi Qabale akajifunga leso kiunoni, akamshika binti yake mkono, wakaenda kisimani siku ambayo wazee wote wapo. Nilifunga duka nikawafuata. Anayepanga zamu za maji pale ni Mzee Jirma, mtu wa maneno machache, na neno lake ndilo watu hufuata.

Sadiya alisimama mbele yao, akasema alichowaambia kwanza hakikuwa sahihi.

Jirma akamwuliza, "Kwa hiyo dawa inaponya?"

"Sijui, mzee."

"Haiui?"

"Sijui. Huenda inaua. Hatukupima sawasawa."

"Juzi ulijua, leo hujui. Binti, sasa umekuja kutuambia nini?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Sadiya akasema alichokuja kuwaambia ni hilo hilo, kwamba hajui, na kwamba wampe mbuzi wachache kutoka kila boma apime upya. Mtu mmoja nyuma akamwambia atoe wake kwanza. Akajibu wake wamekwisha. Wakacheka tena, na mimi niliokota jiwe, Mungu anisamehe, sikujua nimlenge nani.

Hapo Qabale akasema. Sijawahi kumsikia akisema mbele ya wanaume. "Msimcheke mtoto. Kosa ni langu. Mbuzi wangu walikunywa mwisho. Kila siku niliwapa wa Jattani maji safi, na wangu wagonjwa nikawapa tope. Ndiyo sababu walikufa wangu. Labda dawa haikuwa na hatia. Nawaomba msiitupe kwa sababu yangu. Wako watu hapa bado wana mbuzi."

Nikadhani wamesikia. Jirma alikuwa ameshusha fimbo, anamwangalia, na uso wake ukalainika.

"Mama Sadiya," akasema, "usijute. Ulifanya haki. Uliacha mali yako ife, amana ya mtu ikapona. Nani kati yetu angeweza?" Akageukia watu. "Muombeeni mama huyu."

Wakanyoosha mikono wote. Wakaomba, Mungu amlipe, Mungu amwongeze, amrudishie mara kumi. Wanawake wakaja kumkumbatia. Yeye alikuwa anajaribu kusema, namwona mdomo wake unafunguka, "sikilizeni, sikilizeni," na wao wanaitikia "amin." Na huku nyuma mbuzi wao wamesimama foleni wanakohoa. Wahenga wamesema sikio la kufa halisikii dawa. Yetu yalisikia sifa tu.

Kohozi lilipomaliza kazi, Kulamawe ilikuwa na mazizi matupu kama viatu vya maiti. Wangu pia walikwenda. Hawakuchomwa, kwa hiyo siwezi kukwambia wangepona au la. Hakuna anayeweza. Lakini habari ya Qabale ilikua, ikanona kuliko mnyama yeyote tuliyebaki naye. Inasimuliwa harusini. Shekhe ameitaja Ijumaa zaidi ya moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Kwa Qabale mgeni alipona, mwenyeji akafa, na watu wanapiga makofi.

Yeye na Sadiya walihamia Chechelesi. Qabale anafua nguo za watu, na Sadiya anaosha vyombo kwenye hoteli ya karibu na stendi. Shule hakurudi. Nilipokwenda mjini kununua bidhaa niliwatembelea, chumba kimoja cha mabati, joto kama tanuri. Qabale alichemsha chai. Maziwa yalikuwa ya pakiti, kidogo tu, na akayamimina yote kwenye kikombe changu. Chake kikawa cha chai ya rangi, ile ya chini kwenye sufuria, yenye makapi.

Nilitamani kuimwaga ile chai. Nilimwambia tugawane, akakataa, akasogeza kikombe kwangu kwa mikono miwili.

Kisha akaniuliza, "Habibo, dawa ile, unafikiri ilikuwa dawa?"

"Sijui," nikamwambia.

Sadiya alikuwa mlangoni, mikono yake imechubuka kwa sabuni, ameangalia nje. Hakugeuka.

"Nami sijui," Qabale akasema. "Usiku naliwaza hilo tu. Haya, kunywa, chai inapoa."

Akangoja, hakugusa chake. Nikanywa kwanza, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mgeni.